Wilf Husikiliza kwa Kiganja

Jumapili ya kwanza ya mwezi, Coventry,
nyuma ya baa ambayo siku hizi haiuzi bia,
tunafunua maboneti kama mtu anayefunua sufuria
kuona kama wali umekauka.
Mvua si mvua, ni manyunyu ya kukera tu.
Kila mtu na chupa yake ya chai, kila mtu na lake.

Jaswinder ndiye aliyetuchokoza.
Kaja na gari la umeme, rangi ya maji ya mchele,
kaja kimya mpaka Aled akaruka,
chupuchupu amwage chai kwenye kabureta.
"Uchawi huo! Hata mwizi hutoa mchakato wa miguu."

Basi hoja ya asubuhi ikapatikana.
Gari lisilonguruma, Aled akasema, ni friji yenye magurudumu.
Friji hii, akajibiwa, itakuacha kwenye taa
ungali unaitafuta gia ya pili.
Na Januari, kule milimani Wales, betri ikizizima?
Nitakungoja papo hapo, maana lako halitakuwa limewaka.
Keeley, miaka ishirini na mitatu, bima ghali kuliko gari lenyewe,
akasema: nyinyi mna gereji.
Mimi nakaa ghorofa ya tisa.
Waya niuteremshe dirishani kama kamba ya ndoo?

Tukacheka. Kisha tukaacha.

Mimi nilinyamaza. Mimi nalishwa na oili.
Miaka kumi na sita nafungua giaboksi za watu;
kucha zangu zina weusi ambao siku ya harusi ya dada yangu
hina ilibidi ipite juu yake.
Kwetu husema kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Husema pia mwacha asili ni mtumwa.
Sijawahi kujua ipi ni ya siku ipi.
Wiki jana tajiri alinipeleka kozi:
glavu za mpira hadi kiwikoni,
mwalimu akanyoosha kidole kwenye waya wa rangi ya chungwa,
"Huu," akasema, "hausamehe."
Injini iliniunguza, ikanitemea, ikanisamehe.

Wilf Tranter alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja
kando ya Triumph aliyosaidia kuiunda akiwa kijana,
maili mbili kutoka hapa, penye duka la mazulia sasa.
Chumba cha kupimia injini kilimla masikio.
Miaka thelathini bila vizibo, na msimamizi
akimwambia kelele ndiyo kazi.
Siku hizi huweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho.
"Silinda ya tatu," husema,
na huwa ni ya tatu.

Akainuka. Tukampisha.
Kiganja juu ya gari la Jaswinder.
"Liwashe."
Jaswinder akamwonyesha kwa vidole: limeshawaka.
Mzee akangoja. Akausogeza mkono
kama daktari anayetafuta mapigo mahali pengine.
Manyunyu yakamjaa nyusi.
Aled alishaanza kutabasamu.

Wilf akatutazama mmoja mmoja,
akacheka kile kicheko kikubwa cha mtu asiyesikia sauti yake:
"Haya. Leo nyote mko kama mimi."

Akaomba apelekwe mzunguko mmoja.
Wakatoka kama picha inavyotoka ukutani.
Waliporudi bado kiganja kilikuwa kwenye dashibodi.
"Limo," akasema. "Kwa mbali. Kama paka anayewaza.
Na beringi ya nyuma, kushoto, inakufa."
Jaswinder akaapa gari lina wiki tatu.

Nikaleta jeki.
Nikalizungusha lile gurudumu, nikategea sikio, kimya.
Nikavua glavu, nikaweka kiganja.
Ilikuwepo, chembe ya mchanga ikipita, ikirudi, ikipita.

Wakaanza upya kubishana, safari hii juu ya waranti.
Keeley akafunga boneti yake.
"Na mimi," akauliza, "nitachajia wapi?"
Hakuna aliyegeuka.